Firigisi ya Meneja

Tulimwita Meneja.
Kifua mbele, shingo nyekundu kama amebanwa na tai,
akikagua ua wetu wa Barabara ya Kumi na Nne
kama yule bwana wa shamba la mkonge kule Pongwe
aliyemkata baba mshahara wa siku mbili kwa kuwa mvua ilinyesha.
Mama alimnunua Pasaka, kifaranga kisicho na adabu,
akamlisha pumba, mchicha na matusi.
"Kula," akimwambia. "Kula, Desemba haina huruma."

Desemba ikafika.
Mama hakuchinja mwenyewe, wala hakuniachia mimi.
Alimwita Mbwana Kibada, mwokaji mikate:
"Nichinjie wewe, nataka mtaa mzima ule."
Mbwana akatawadha, akamlaza Meneja kuelekea kibla,
akataja jina la Mungu, kisu kikapita mara moja.
Bata mzinga wa Krismasi, kisu cha Muislamu:
huku kwetu hilo si jambo la kuandikiana barua.

Kisha vipimo vikatushinda.
Sufuria ya shughuli, ya kuazima kwa Bi Mwanaharusi,
ilimmeza mpaka mapajani, ikakinai.
Jiko la gesi la dada Perpetua, lile la kioo, la mkopo,
tulilipima kwa uzi kama mafundi cherehani.
Uzi ukasema hapana.
Mbwana alicheka mpaka akakalia ndoo.
"Mleteni kwangu. Boflo za mwisho zatoka saa tatu usiku.
Tanuri langu halijakataa mgeni."

Shangazi Hedwiga alishuka na basi la Lushoto,
mapajani bunda la rozmeri ndani ya gazeti.
Basi zima, alisema, limenukia kama kanisa lililofunguliwa madirisha.
Mama akanusa. Hakuiamini.
Akaongeza vya kwake: saumu ya kutwanga na chumvi ya mawe,
ndimu, pilipili manga, kotimiri na mizizi yake,
na kishada cha mrihani kutoka ua wa jirani,
mrihani ule ule wa maharusi na wa maiti.
"Huyu ni yupi kati ya hao?" nikauliza.
"Wote wawili," akasema, mkono tumboni mwa Meneja mpaka kiwiko.
Siagi akaipitisha chini ya ngozi kwa vidole, polepole,
kama anayemvalisha mtoto soksi.

Saa nne tulimbeba juu ya bati, amefunikwa kanga.
Wanywa kahawa wakainuka nusu, wakidhani jeneza,
harufu ya saumu ikawakalisha.
Mlango wa tanuri haukufunga; miguu ilichungulia nje.
Mbwana akaziba pengo kwa udongo mbichi, kiganja kwa kiganja,
na hakuna aliyesema, ila sote tuliona:
mikono ile ile, mwezi wa nane,
ilisawazisha udongo juu ya baba.

Saa nane usiku mtaa ukaamka.
Kwanza saumu ilipita bila hodi.
Ikafuata ngozi, ikilia mafuta.
Mwisho rozmeri, mgeni mwenye lafudhi ya milimani,
akiuliza nyumba kwa nyumba.
Mtu alifungua dirisha akatukana kwa furaha.

Asubuhi alitoka rangi ya mlango wa msaji.
Paja moja kwa Mbwana, na shingo, aliyoiomba mwenyewe.
Bawa kwa Bi Mwanaharusi. Mgongo kwa watoto wa nyuma ya nyumba,
ambao idadi yao hubadilika kila sikukuu.
Rozmeri, mama akakiri, "si mbaya. Ina kelele tu."

Firigisi ilibaki peke yake kwenye kisahani cha bluu.
Miaka thelathini na mmoja ilikwenda kwa baba
bila kuulizwa, kama kodi.
Perpetua akanitazama. Shangazi akanitazama.
Nikavuta kiti, nikakohoa kidogo.

Mama akaiokota kwa vidole, akaichovya chumvini,
akatafuna kasimama, macho dirishani,
akatafuna muda mrefu.

"Kumbe," akasema.
Akalamba kidole gumba.
"Kumbe ndiyo hii tu."